Filamu mpya zenye mikwaruzo ya zamani: nani hasa anaenziwa?

Mwezi Aprili mwaka 2007, watazamaji nchini Marekani walikata tiketi moja na kuonyeshwa filamu mbili mfululizo zilizopewa jina moja, Grindhouse. Katikati ya filamu ya kwanza, Planet Terror, wapenzi wawili wanapoanza kukumbatiana kitandani, picha inatetemeka, inaungua katikati kama karatasi iliyoshika moto, kisha linatokea tangazo la wenye jumba la sinema wakiomba radhi: roli moja ya filamu imepotea. Picha inaporudi, nyumba inateketea, watu ambao hawakuwepo wamejaa sebuleni, na siri ya stelingi imeshatobolewa bila sisi kuisikia.

Hakuna roli iliyopotea. Mwongozaji Robert Rodriguez aliipiga filamu hiyo kwa kamera za dijitali. Mikwaruzo, vumbi na rangi zilizopauka viliongezwa baadaye kwa kompyuta. Filamu ya pili, Death Proof ya Quentin Tarantino, nayo ina mikato ya ghafla na picha zinazoruka, kana kwamba mkanda wake umezunguka katika miji mia moja kabla ya kufika hapo. Zote mbili kwa pamoja ziligharimu zaidi ya dola milioni 50. Ni kama suruali ya jinzi inayouzwa dukani ikiwa imeshachanwa magotini, na kwa bei ya juu kuliko iliyo nzima.

Tangu wakati huo zimetoka filamu nyingi zinazoenzi sinema za zamani zilizotengenezwa kwa fedha kidogo na kuuzwa kwa kelele nyingi. Katika makala hii tunaeleza sinema hizo zilikuwa nini, kwa nini waongozaji wa leo wanazirudia, na kwa nini baadhi ya heshima hizo zina uzito huku nyingine zikiishia kwenye mikwaruzo.

Jina linalopotosha

Wataalamu huziita filamu za eksploitesheni. Anayetafuta maana ya neno hilo kwenye kamusi atakutana na "unyonyaji", na atadhani ni filamu kuhusu mabepari na wafanyakazi. Sivyo. Katika biashara ya sinema ya Marekani, miongo ya mwanzo ya karne ya 20, neno hilo lilimaanisha kazi ya kuitangaza filamu: mabango, vituko vya mitaani, matangazo ya gazetini, kila mbinu ya kumtoa mtu nyumbani hadi dirisha la tiketi. Filamu ya eksploitesheni ni ile isiyo na nyota wa kumtegemea wala fedha za kujivunia, hivyo inategemea jambo moja tu linaloweza kupigiwa kelele: ngono, dawa za kulevya, damu, magenge, mazimwi. Hata hivyo, maana ile ya kamusi haikuwa mbali sana, kama tutakavyoona.

Soko lake lilitokana na marufuku. Kuanzia mwaka 1934 kampuni kubwa za Hollywood zilisimamia kwa ukali kanuni za maadili zilizoorodhesha yasiyoruhusiwa kuonyeshwa. Kanuni hizo zilidumu hadi 1968, zilipoachwa na nafasi yake kuchukuliwa na utaratibu wa kupanga filamu kwa umri wa mtazamaji. Kwa zaidi ya miaka 30, yeyote aliyetaka kuonyesha kilichokatazwa alikuwa na uwanja wake peke yake, mradi tu ajifanye anafundisha.

Hakuna aliyejifanya vizuri kuliko Kroger Babb. Mwaka 1945 alitoa Mom and Dad, kisa cha msichana anayepata mimba kwa sababu hakuelezwa chochote na wazazi wake. Filamu ilizungushwa mji kwa mji. Wanawake walikuwa na saa zao na wanaume zao. Katikati, picha ilisimamishwa na akapanda jukwaani "mtaalamu" aliyeitwa Elliot Forbes kutoa mhadhara wa afya, huku wanawake waliovaa kama wauguzi wakipita kwenye viti kuuza vijitabu. Jina lilikuwa moja la jukwaani, na waliolibeba walikuwa wengi, kila mmoja kwenye msafara wake. Mtu alilipia sinema, akalipia na kitabu, akarudi nyumbani akiamini ametoka darasani.

Kwanza bango, filamu baadaye

Miaka ya 1950 biashara ilibadilika. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua mwaka 1948 kwamba kampuni kubwa haziwezi kumiliki mnyororo wote, kuanzia utengenezaji hadi majumba ya kuonyeshea. Televisheni nayo iliwaweka watu wazima nyumbani. Waliobaki kutafuta mahali pa kwenda ni vijana wenye magari, na mahali pao palikuwa draivini, ambako mtu hutazama sinema akiwa ndani ya gari. Afrika Mashariki nayo ilizijua: Dar es Salaam ilikuwa na yake, na Nairobi ilikuwa na Belle Vue na Fox.

Kampuni ya American International Pictures, iliyoanzishwa na James Nicholson na Samuel Arkoff katikati ya miaka hiyo, iliwalenga vijana hao. Utaratibu wao ulikuwa kinyume cha kawaida. Walianza na jina la filamu. Kisha ukachorwa mchoro wa bango. Wenye majumba ya sinema wakivutiwa na bango, ndipo anatafutwa mtu wa kuandika hadithi inayolingana nalo.

Kwenye mazingira hayo alikua Roger Corman, mtu ambaye waongozaji wengi wa leo wanamtaja kama mwalimu wao. The Little Shop of Horrors ya mwaka 1960, kisa cha ua linalokula watu, ilipigwa picha karibu yote kwa siku mbili kwenye seti iliyokuwa imebaki kutoka filamu nyingine. Corman aliona kwamba seti iliyokwisha kulipiwa ni mali, na kijana asiye na jina ni mali pia. Francis Ford Coppola, Martin Scorsese, Jonathan Demme, Ron Howard na James Cameron wote walipitia kwake. Aliwalipa kidogo na kuwaachia uhuru mwingi, alimradi filamu iishe kwa wakati na iwe na kile bango lilichoahidi. Mwaka 2009 Hollywood ilimpa Oscar ya heshima. Alifariki Mei 2024 akiwa na umri wa miaka 98.

Na neno "grindhouse" lenyewe? Lilikuwa jina la majumba ya sinema yaliyosaga filamu mchana na usiku bila kupumzika, mengi yakiwa kwenye Barabara ya 42 jijini New York. Mtu aliingia wakati wowote, akakuta filamu katikati, akakaa hadi ikaanza tena. Nakala za filamu zilipita kwenye projekta nyingi mno, zikachakaa. Mikwaruzo ile inayotengenezwa leo kwa kompyuta ilikuwa ni alama ya nakala maskini inayozungushwa hadi ife. Hakuna mtengenezaji aliyeitaka.

Walioonekana kwa mara ya kwanza

Kama filamu hizo zingekuwa za damu na mabango tu, pengine zisingekumbukwa. Lakini palipo na mlango usiolindwa huingia pia wale waliofungiwa mlango mkubwa.

Mwaka 1971 Melvin Van Peebles, Mmarekani Mweusi, aliandika, akaongoza, akahariri, akatunga muziki na kuigiza kama stelingi katika Sweet Sweetback's Baadasssss Song. Sehemu ya fedha, dola 50,000, alikopeshwa na mchekeshaji Bill Cosby. Filamu ilianza katika majumba mawili tu, moja Detroit na jingine Atlanta. Ni hadithi ya mtu Mweusi anayewapiga polisi wazungu wanaomtesa kijana wa Kiafrika-Kimarekani, anakimbia, na hakamatwi. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa jipya. Watazamaji Weusi walikuwa wamezoea kwamba mtu wao akishika silaha, kabla ya filamu kwisha atakuwa maiti. Iliingiza mamilioni ya dola.

Mwaka huohuo ikaja Shaft ya Gordon Parks, mwaka uliofuata Super Fly ya mwanawe, kisha mafuriko. Zikaitwa blaksploitesheni, jina linalohusishwa na Junius Griffin, aliyekuwa kiongozi wa tawi la Hollywood la chama cha haki za Weusi cha NAACP, na hakulitoa kwa kusifu. Vyama vya haki za raia vililalamika kwamba Hollywood imegundua fedha za watu Weusi na inawauzia picha za malaya na wauza unga. Waigizaji walijibu kwamba kwa mara ya kwanza wana kazi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na hadi leo hatuoni kama mjadala huo umefungwa. Filamu nyingi kati ya hizo zilitengenezwa na kampuni za wazungu, na faida ilikwenda huko. Hapa ndipo maana ya kamusi inaporudi.

Pam Grier ndiye anayeonyesha vizuri zaidi mkanganyiko huo. Katika Coffy ya mwaka 1973 yeye ni muuguzi anayewaandama waliomwingiza mdogo wake kwenye dawa za kulevya. Kamera inamvua nguo mara nyingi kuliko hadithi inavyohitaji. Lakini pia yeye ndiye mwenye bunduki, yeye ndiye anayeamua, na wanaume wanaomdharau hawafiki mwisho wa filamu. Wimbi hilo lilipokufa katikati ya miaka ya 1970, simu yake haikulia kama zamani.

Hesabu ya Grindhouse

Turudi 2007. Kwa mtu aliyezipenda sinema hizo tangu utotoni, Grindhouse ilikuwa karamu: mazombi, mcheza dansi aliyepoteza mguu na kuwekewa bunduki mahali pake, dereva muuaji mwenye gari jeusi, na katikati trela za filamu ambazo hazipo. Kwa umma ilikuwa fumbo. Onyesho lilizidi saa tatu. Zilikuwepo taarifa za watazamaji waliosimama na kuondoka filamu ya kwanza ilipokwisha, wasijue kwamba ipo ya pili. Wikiendi ya kwanza, ambayo ilikuwa ya Pasaka, iliingiza dola milioni 11 na ushee, na mwishowe takriban milioni 25, yaani hata nusu ya gharama haikurudi. Nje ya Marekani zilitenganishwa na kuuzwa kila moja kivyake, na Death Proof ikashindana Cannes mwaka huo.

Maoni yetu ni kwamba kati ya hizo mbili, yenye heshima ya kweli ni ya Tarantino, na si kwa sababu ya mikwaruzo. Nusu ya mwisho ya Death Proof mikwaruzo inapungua hadi karibu kutoweka, na kinachobaki ni Zoë Bell, mwanamke kutoka New Zealand, akiwa amelala juu ya boneti ya Dodge Challenger ya mwaka 1970 inayokwenda kasi, akishikilia mikanda miwili iliyofungwa kwenye milango. Bell si mwigizaji wa kawaida. Kazi yake ni kufanya matukio ya hatari kwa niaba ya nyota. Katika Kill Bill alikuwa akichukua nafasi ya Uma Thurman, na uso wake ulikuwa ukifichwa. Hapa anaigiza kama yeye mwenyewe, kwa jina lake, na uso wake ndio unaojaza picha. Sinema za bei ya chini zilisimama juu ya migongo ya watu kama yeye, ambao mtazamaji hakuwajua kamwe.

Trela zile za uongo nazo zina kisa. Moja iliitwa Machete, ikimwonyesha Danny Trejo kama Mmeksiko aliyesalitiwa anayelipiza kisasi kwa panga. Watu waliidai sana hata mwaka 2010 ikawa filamu kamili. Hobo with a Shotgun, trela ya vijana wa Kanada iliyoshinda shindano lililoandaliwa kuitangaza Grindhouse, ikawa filamu mwaka 2011. Thanksgiving ya Eli Roth ilisubiri hadi 2023. Kwa maneno mengine, tangazo lilitangulia na filamu ikafuata, kama kwa Nicholson na Arkoff. Sehemu iliyokuwa mzaha mtupu ndiyo iliyofuata desturi ya wazee hao kwa uaminifu zaidi.

Kipaza sauti kilichoingia kwenye picha

Miaka miwili baada ya Grindhouse, Scott Sanders na mwigizaji Michael Jai White walitoa Black Dynamite kwa sehemu ndogo tu ya fedha zile. Walitumia filamu halisi ya milimita 16 badala ya dijitali, wakapiga picha kwa takriban wiki tatu. Stelingi ni mpiganaji aliyetoka Vietnam, ndugu yake ameuawa, na msako wake unamfikisha hadi Ikulu ya Marekani kupigana kung-fu na Rais Nixon.

Vichekesho vyake vingi vinatoka kwenye makosa. Mwigizaji mmoja anasoma kwa sauti hata maelekezo yaliyoandikwa kando ya maneno yake. Katika pigano moja mtu anapigwa kweli, picha inakatwa, na inaporudi nafasi yake imechukuliwa na mwingine. Na mahali fulani kipaza sauti kinashuka hadi kwenye picha, Black Dynamite anakitupia jicho na kuendelea na hotuba yake.

Kichekesho hicho kinamlenga Rudy Ray Moore na filamu yake Dolemite ya mwaka 1975, ambayo kwa miaka mingi ilichekwa kwa sababu kipaza sauti kinaonekana kila mara. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Dolemite ilipigwa picha kwa matarajio kwamba projekta ya jumba la sinema itaziba sehemu ya juu na ya chini ya picha, kama ilivyokuwa kawaida. Ilipohamishiwa kwenye kanda za video, picha nzima iliachwa wazi, na kipaza sauti kilichokuwa kimejificha juu kikajitokeza. Filamu iliporekebishwa na kutolewa upya kwa umbo lake sahihi, kosa hilo maarufu kwa sehemu kubwa lilitoweka. Vizazi vizima vilimcheka Moore kwa uzembe ambao kwa kiasi kikubwa ulikuwa wa waliotengeneza kanda.

Mwaka 2019 alipata wa kumsimulia. Katika Dolemite Is My Name, iliyoongozwa na Craig Brewer, Eddie Murphy anaigiza kama Moore: mchekeshaji wa makamo, kitambi kimetoka, anafanya kazi kwenye duka la santuri, na anamsihi mtangazaji wa duka, anayeigizwa na Snoop Dogg, azipige santuri zake. Anakataliwa. Anaamua kurekodi mwenyewe vichekesho vya matusi alivyovisikia kwa walevi wa mtaani, anaviuza kwenye buti la gari, na fedha hizo anaziingiza kwenye filamu. Filamu halisi ilipigwa katika Hoteli ya Dunbar jijini Los Angeles, ambayo wakati huo ilikuwa gofu, kwa msaada wa wanafunzi wa sinema wa chuo kikuu.

Filamu ya Brewer haina mkwaruzo hata mmoja. Inachokienzi ni namna Moore alivyoona pengo: ameketi na rafiki zake kwenye jumba la sinema lililojaa wazungu wanaoangua kicheko kwa vichekesho ambavyo wao hawavioni, na akatambua kwamba watu wa mtaani kwake hawajawahi kutengenezewa chao. Moore mwenyewe hakuiona. Alifariki mwaka 2008.

Jackie Brown, iliyotoka 1997, ilimkuta mhusika wake akiwa hai. Katika riwaya ya Elmore Leonard ambayo filamu hiyo inatokana nayo, mwanamke huyo ni mzungu na anaitwa Jackie Burke. Tarantino alimbadilisha rangi na jina ili ampe Pam Grier, akikumbuka Foxy Brown ya mwaka 1974. Hakumvisha mavazi ya zamani wala kumpa bunduki ya kurusha ovyo. Alimpa mhudumu wa ndege mwenye umri wa miaka 44, mshahara mdogo na kesi shingoni, anayewazidi akili polisi na jambazi kwa pamoja. Miongoni mwa filamu zote tunazozitaja hapa, tungeanza na hiyo.

Ukatili ulirithiwa pia

Si kila kitu kwenye sinema hizo kinastahili kurithiwa kama kilivyo. The Texas Chain Saw Massacre ilipigwa picha kiangazi cha mwaka 1973 kwenye joto kali la Texas, ndani ya nyumba iliyojaa mifupa na nyama iliyooza, kwa fedha zisizofika dola 150,000. Iliingiza mamilioni. Waigizaji walikuwa wameahidiwa sehemu ya faida kupitia kampuni ya watengenezaji, wasijue kwamba kampuni hiyo yenyewe haikumiliki filamu nzima. Hundi za kwanza zilizowafikia baadhi yao zilikuwa za makumi ya dola.

Ti West aliirudia Texas hiyo mwaka 2022 katika X, kuhusu kikundi cha vijana wanaokodi nyumba shambani mwaka 1979 ili kupiga filamu ya ngono kwa siri. Damu ipo ya kutosha. Lakini tulichokipenda ni kwamba vijana wale hawakuwekwa pale wachinjwe tu. Wanabishana kuhusu taa, kuhusu hadithi, kuhusu kama filamu chafu inaweza pia kuwa nzuri. Na West aliiga mbinu ya Corman kwa vitendo: akiwa bado New Zealand na seti zikiwa zimesimama, alipiga filamu ya pili, Pearl, na mwigizaji yuleyule, Mia Goth. Zote mbili zilitoka mwaka mmoja.

Lililo gumu zaidi ni filamu za mwanamke anayebakwa kisha analipiza kisasi. Miaka ya 1970 zilikuwa soko zima. Walizitetea kwa kusema mwanamke anashinda mwishoni. Wapinzani walijibu kwamba kamera ilikaa muda mrefu mno kwenye mateso kuliko kwenye ushindi. Mfaransa Coralie Fargeat aliichukua hadithi hiyohiyo katika Revenge ya mwaka 2017, yenye jangwa, rangi kali na damu nyingi kuliko mwili wa binadamu unavyoweza kubeba. Ila kitendo chenyewe hakukionyesha. Mwanamume wa pili anafungua mlango, anaona, anaufunga, na kwenda kuongeza sauti ya televisheni. Kamera inamfuata huyo. Aibu inahama kutoka kwa mwanamke kwenda kwa anayejua na kunyamaza. Miaka saba baadaye filamu yake The Substance iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora.

Wakaliga, Kampala

Mpaka hapa tumezungumzia watu wanaochagua ufukara kama mtindo. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, hakuna aliyeuchagua.

Isaac Nabwana alikuwa fundi wa kufyatua matofali. Utotoni hakuwa akienda sinema. Kaka yake ndiye aliyekwenda, na akirudi alimsimulia: mapigano, magari, namna adui alivyokufa. Nabwana alizitengeneza filamu za Chuck Norris na Bud Spencer kichwani kabla ya kuziona. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions, jina lililotokana na majina ya bibi zake, Rachael na Monica. Dunia ilikuja kuiita Wakaliwood.

Filamu iliyowatambulisha, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, hutangazwa kuwa iligharimu takriban dola 200. Bunduki zilichomelewa kutokana na vyuma chakavu na fundi Dauda Bisaso. Moto na helikopta vilitengenezwa kwenye kompyuta aliyoiunganisha Nabwana mwenyewe. Damu ilifungwa ndani ya kondomu ili ipasuke risasi "inapoingia". Mwanzoni ilikuwa damu ya ng'ombe, wakaiacha baada ya mwigizaji mmoja kuugua. Waigizaji hawakulipwa mshahara, lakini walipewa DVD wazipeleke nyumba kwa nyumba na nusu ya mauzo ikawa yao, wakikimbizana na maharamia ambao baada ya siku chache wangekuwa na nakala. Tukikumbuka hundi za Texas, makubaliano hayo si mabaya hata kidogo.

Juu ya picha inasikika sauti ya VJ Emmie. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. Ni kazi ileile aliyoifanya Lufufu Tanzania na anayoifanya DJ Afro Kenya: kutafsiri, kutania, kumshangilia stelingi na kumzomea adui. Waganda huyaita majumba ya video "bibanda", na Watanzania huyaita vibanda umiza. Tofauti ni kwamba VJ Emmie hatafsiri filamu ya mbali. Anaifanyia tambo ya mtaa wake wenyewe, kwa Kiingereza, na kila dakika kadhaa anakukumbusha kwamba unatazama filamu kali kuliko zote.

Wageni walipoiona trela kwenye YouTube walicheka, na wengi walicheka kwa dharau. Kisha baadhi wakaanza kuuliza imetengenezwaje. Alan Hofmanis, mkazi wa New York, alifunga safari mwaka 2011 na akabaki kufanya nao kazi. Mwaka 2015 Wakaliwood iliomba mchango wa dola 160 kupitia intaneti ili kutengeneza filamu nyingine, ikapata zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2019 Crazy World ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, katika ratiba ya usiku wa manane.

Swali la jina la filamu, nani alimuua Kapteni Alex, halijibiwi hadi mwisho. Na nakala yake ya asili haipo tena. Nabwana alilazimika kuifuta ili apate nafasi kwenye kompyuta kwa ajili ya filamu iliyofuata, kwa kuwa hakutegemea mtu yeyote nje ya Wakaliga angeitaka. Kilichosalia ni toleo la DVD lenye picha hafifu, na sauti ya VJ Emmie ikiwa imeshachanganywa humo kiasi kwamba haiwezi kuondolewa. Hilo ndilo ambalo mamilioni ya watu wamelitazama.